Sura ya Saba: Maji Makali

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19, ikiisha kuipa kisogo Mpwapwa na kuondoka Chunyo, ilikuwa haina budi kulivuka pori kavu lililowatia wapagazi hofu kuliko milima yote waliyoiacha nyuma. Na pori hilo liliitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, kwa kuwa maji ya upande huo yalikuwa machungu kwa chumvi, na aliyeyanywa kwa pupa aliongeza kiu badala ya kuikata. Burton alipita huko mwaka wa 1857 na Stanley mwaka wa 1871, kila mmoja akaandika habari za safari yake kwa kirefu. Wapagazi, ambao mizigo ilikuwa vichwani mwao, hawakuandika kitu, ila walituachia jina. Mtu wa pwani alisikiapo hilo jina la Chunyo hukumbuka chunyu, ule ukungu mweupe wa chumvi unaobaki mwilini mwa aliyeoga baharini, na ingawa sithubutu kudai kuwa maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, sioni aibu kuyaweka ujirani.

Nimeanza na maji ya zamani kwa sababu sura hii inahusu mashine ya figo, na mashine ya figo, kabla ya kuwa chombo cha umeme, ni chombo cha maji. Mji wa Dodoma, uliotangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka wa 1973, leo una Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka wa 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ambamo wagonjwa wa nyanda za kati husafishwa damu pasipo kulazimika kuhamia Dar es Salaam. Na mvua ya mji huo kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache tu, kisha mbingu hufungwa. Maji yake kwa sehemu kubwa huvutwa visimani Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na kila mwenye nyumba anayajua kwa dalili ya birika lake, ambalo baada ya miezi michache huota gamba jeupe ndani, gumu kama ganda la yai. Gamba hilo ndilo jambo la kwanza ambalo fundi wa mashine za figo wa Dodoma hulifikiria, ilhali mwenziwe wa mahali penye maji laini huenda asilifikirie kabisa.

Kwanza, neno lenyewe. Watu wetu husema kusafisha damu, na neno hilo limekaa vema midomoni wala sina nia ya kuliondoa, lakini limeingia pamoja na kasoro yake. Asafishaye nguo husugua, na kadiri asuguavyo ndivyo nguo ing'aavyo. Asafishaye sufuria huongeza mchanga na nguvu ya mkono. Mgonjwa mgeni akiambiwa kwamba damu yake itasafishwa hudhani kwamba mashine iendayo kwa kasi ndiyo mashine bora, na kwamba saa tatu za kazi kali ni nafuu kuliko saa tano za kazi ya taratibu, maana atarudi nyumbani mapema. Damu haisuguliwi. Huchujwa, na kuchuja kuna sheria yake ambayo kila aliyewahi kuchuja togwa anaijua: ukiharakisha, unapasua chujio au unamwaga.

Figo mbili za mtu mwenye siha huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu zote mwilini na kutoa lita moja na nusu hivi kuwa mkojo. Na kazi hiyo haina likizo, mtu akilala na akiamka, kwa saa zote 168 za juma. Mashine hupewa saa nne, mara tatu kwa juma, ambazo jumla yake ni saa 12; na mgonjwa ambaye fedha yake haifiki huko, na wa namna hiyo ni wengi katika Afrika Mashariki, hupewa mara mbili, yaani saa 8. Basi presha inayoshuka ghafla mgonjwa akiwa kitini, misuli ya miguu inayokakamaa hata akapiga kelele, kichwa kinachouma, kichefuchefu, na uchovu unaomlaza hadi kesho yake, yote haya aghalabu si ubaya wa mashine wala uzembe wa muuguzi, bali ni matokeo ya hesabu hiyo: kazi ya saa 168 imeshindiliwa ndani ya 12.

Aliyeanzisha mambo haya, tabibu wa Uholanzi aliyeitwa Willem Kolff, alifanya kazi katika mji mdogo wa Kampen wakati nchi yake iko chini ya majeshi ya Ujerumani, na mwaka wa 1943 alimfunga mgonjwa wa kwanza kwenye pipa la mbao lililozungushiwa neli ya selofeni, ile ile itumiwayo kuwa ngozi ya soseji, likizunguka ndani ya birika la maji ya chumvi. Katika wagonjwa wake 16 wa kwanza karibu wote walikufa, na wa kwanza ambaye uhai wake uliokolewa na mashine hiyo, bibi wa miaka 67, alipatikana mwaka wa 1945. Vyombo vya leo vina vioo vyenye tarakimu na ving'ora vya kila hatari, lakini asili haikubadilika: damu upande huu, maji upande ule, na utando katikati. Kilichobadilika sana ni elimu ya jinsi ya kutomdhuru aliyelala kati ya mabomba mawili.

Tuyatazame hayo maji. Mashine hupitisha nusu lita kila dakika, ambayo ni lita 30 kwa saa na lita 120 kwa kipindi cha saa nne. Mgonjwa wa mara tatu kwa juma hukutana na lita 360, ilhali mtu anywaye lita mbili kwa siku hukutana na lita 14 tu. Na hizo 14 hupita tumboni na matumboni, penye mabawabu wengi wa kukagua kinachoingia, lakini hizo 360 hutengwa na damu kwa utando mwembamba kuliko unywele, bawabu asiyemuuliza mtu jina maadamu umbo lake ni dogo. Kwa hiyo maji yaliyo halali kwa kunywa yaweza kuwa sumu kwa kusafishia damu. Mwaka wa 1967 matabibu wa Marekani walieleza habari za wagonjwa walioingiwa na kichefuchefu, kutapika, unyonge na presha kupanda, kisa chake ikawa ni kalsiamu na magnesiamu, yaani ugumu wa maji, madini yale yale yanayotia gamba birika la Dodoma. Katika muongo uliofuata ikabainika kwamba alumini iliyotiwa majini ili kuyatakasa maji ya miji iliwapofusha akili wagonjwa wa mashine na kuivunja mifupa yao. Na klorini, ambayo Mungu aibariki kwa jinsi inavyotuepusha na kipindupindu, ikikutana na damu, hasa katika umbo lake liitwalo kloramini, hupasua chembe nyekundu moja baada ya moja.

Ndiyo sababu nyuma ya kila chumba cha kusafishia damu kuna chumba cha pili, chenye kelele na unyevu, ambacho mgonjwa hakioni na mgeni rasmi hapelekwi. Humo maji hupita kwanza kwenye chujio la mchanga, kisha kwenye tangi la chembechembe za kuyalainisha, ambazo zikisha kushiba ugumu huoshwa kwa chumvi ya kawaida ili zipate nguvu upya, na nakiri kwamba nimelifurahia sana jambo hili, kwamba chumvi iliyowatesa wapagazi wa Marenga Mkali leo ndiyo inayoyalainisha maji ya jirani zao. Baadaye hupita kwenye tangi la mkaa wa kunasa klorini, mkaa ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na mwisho husukumwa na pampu yenye nguvu katika utando unaoruhusu maji peke yake kupita na kuzuia karibu kila kitu kingine. Sehemu kubwa ya maji hubaki upande wa nyuma na kutupwa, hata huwa kwa kila lita moja iliyo safi imekwenda nyingine au zaidi, na mahali penye maji magumu upotevu huzidi. Katika mji ambamo watu hununua maji kwa dumu, maji hayo ya kutupwa, ambayo hayana najisi yoyote ila chumvi iliyozidi, yangefaa kuoshea sakafu na kumwagia miti ivumiliayo chumvi. Sioni kwa nini yaende mtaroni.

Mwaka wa 1996 katika mji wa Caruaru, nchini Brazili, nyanda kavu zifananazo na zetu, ukame uliyapunguza maji ya bwawa, mwani ukaota, na kituo kimoja cha kusafishia damu kikaletewa maji kwa maboza bila ya kutakaswa ipasavyo. Sumu ya mwani ule ilipita utando. Zaidi ya wagonjwa 100 waliugua, na zaidi ya 50 wakafa kwa ini kuharibika. Nikiliona boza likipanda barabara ya vumbi mwezi wa Oktoba, siwezi kutolikumbuka jina la Caruaru.

Maji ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mwendo, na hapa ndipo mgonjwa mwenyewe anapoingia shaurini. Figo zilizokufa hazitoi mkojo, au hutoa kidogo, hivyo anachokunywa hubaki mwilini mpaka siku ya mashine. Hupimwa kwa mizani anapoingia, na ziada juu ya kile kiitwacho uzito mkavu ndiyo maji yatakayotolewa. Maji hayo hayakai yote ndani ya mishipa. Mengi yamejificha katika nyama za mwili, nayo huhitaji muda kurudi mishipani kabla hayajatolewa. Mashine ikivuta haraka kuliko nyama zinavyoachilia, mishipa hubaki mitupu, presha huanguka, na moyo hukosa damu kwa muda, kisha hukosa tena kesho kutwa, mpaka misuli yake ikalegea. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba vifo huzidi kwa wale wanaovutwa zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Tufanye hesabu: mwenye kilo 60 anaweza kuvutwa mililita 780 kwa saa, ambazo kwa saa nne ni lita tatu na ushei. Akija na lita nne na nusu, insafu ingetaka akae karibu saa sita. Mara nyingi hakai sita, kwa sababu mgonjwa wa zamu ya mchana amekwisha kufika na ameketi kwenye benchi nje, na kwa sababu yeye mwenyewe ana basi la Kondoa au la Manyoni la kuwahi, safari ya zaidi ya kilomita 100.

Ni rahisi kumwambia asinywe. Lakini aambiaye hivyo na akae yeye Dodoma mwezi wa Novemba, upepo mkavu ukivuma tangu asubuhi na midomo ikipasuka, halafu aruhusiwe lita moja kwa siku pamoja na uji na mchuzi. Wajuzi wa maradhi haya wamegundua kwamba kumkataza mtu maji bila kumkataza chumvi ni kumwonea, kwani chumvi ndiyo iitayo kiu, na kiu haina hakimu. Na chumvi ya nyanda hizi haimo katika kopo la mezani peke yake: imo katika magadi yanayotiwa kwenye mlenda ili uive na kuteleza, nayo yana sodiamu kama ndugu yake; imo hata katika kikombe cha maji ya kisima. Mlenda wenyewe una jambo lake la pili. Mgonjwa wa figo huelekezwa kuchemsha mboga za majani na kuyamwaga maji yake, kwa kuwa potasiamu iliyozidi husimamisha moyo. Basi na amwage nini katika mlenda, ambao utamu wake wote ni yale maji? Na zabibu, fahari ya mkoa huu, ambayo huzaa mara mbili kwa mwaka na kuuzwa barabarani kwa ndoo, nayo ikikaushwa hujaa potasiamu hiyo hiyo. Ushauri wa chakula uliopigwa chapa katika nchi za mbali, unaosema juu ya jibini na viazi vya kukaanga, hausaidii katika nyumba kama hii. Anayehitajika ni mshauri aliyekaa jikoni kwa Mgogo.

Iko njia moja ya mkato ambayo hupendeza macho siku ile na kudhuru siku ya pili, nayo ni kuzidisha sodiamu katika maji ya mashine ili presha isishuke. Presha hukaa kweli, mgonjwa hainuki na kizunguzungu. Walakini hurudi nyumbani na chumvi zaidi, akashikwa na kiu, akanywa, na keshokutwa akaja na uzito mkubwa kuliko wa jana. Njia nyingine, ya kuyapoza maji ya mashine kidogo chini ya joto la mwili ili mishipa isinyae na kuishikilia presha, ilisifiwa sana hapo kwanza. Ikajaribiwa Kanada kwa wagonjwa zaidi ya 15,000, na habari zilizotoka mwaka wa 2022 zikawa kwamba haikupunguza vifo wala kulazwa, bali wagonjwa walilalamika baridi. Mtu mmoja mmoja bado yaweza kumfaa, na blanketi ni jambo la kukumbukwa, hasa kwa zamu ya alfajiri mwezi wa Julai.

Kinachofaa bila shaka yoyote ni muda. Katika mji wa Tassin, nchini Ufaransa, matabibu walishikilia kwa miaka mingi desturi ya saa nane kwa kipindi, mara tatu kwa juma, wakati wenzao duniani walikuwa wanashindana kufupisha. Wagonjwa wao walio wengi waliacha dawa za presha, na waliishi miaka mingi kupita ya vituo vingine. Uchunguzi mwingine wa Marekani wa mwaka huo wa 2011, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 32,000, ulionyesha kinyume cha jambo hilo hilo: kwamba vifo huongezeka baada ya ule mwanya mrefu wa siku mbili unaoangukia mwisho wa juma. Ikiwa mwanya wa siku mbili unaua, sina haja ya kueleza habari za mgonjwa wa mara mbili kwa juma, ambaye mwanya wake ni mrefu kuliko huo. Na pole ya kwanza kabisa hutakiwa siku ya kwanza: mgonjwa mpya, ambaye damu yake imejaa taka kwa miezi, hapewi saa nne, bali mbili hivi na kwa mwendo mdogo, kwani taka zikiondolewa damuni ghafla zikabaki ubongoni, maji huzifuata huko, ubongo ukavimba, na mtu akaingiwa na degedege.

Mlango wa damu nao una kisa. Wengi huanza kwa mrija wa shingoni, kwa sababu hufika hospitali wamechelewa, na mrija huo, ingawa ni msaada wa haraka, ni njia iliyo wazi kwa vijidudu kuingia hadi moyoni. Huoshwa kwa mkono msafi, hufunikwa, haulowanishwi. Ulio bora ni mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri kwa upasuaji mdogo, njia iliyovumbuliwa New York na kutangazwa mwaka wa 1966, ambao hukua kwa majuma kadhaa na kudumu miaka. Bahati mbaya jina lake la kitabibu ni fistula, na kwetu jina hilo limekwisha kuchukuliwa na msiba wa wazazi walioumia kwa uzazi. Nimeelezwa na zaidi ya mtu mmoja jinsi mama anavyoshtuka na kuona haya akiambiwa atawekewa fistula mkononi. Ingekuwa heri wauguzi wetu waseme mshipa wa mashine, wakaliacha lile jina vitabuni.

Si kila aliyeshindwa na figo anahitaji hiyo mashine. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka wa 2009 wamekuwa wakiwatibu wagonjwa ambao figo zimezima kwa ghafla, kwa malaria, kuharisha au uzazi, kwa kutia maji maalumu ndani ya tumbo na kuyatoa tena, ngozi laini ya ndani ya tumbo ikawa ndiyo chujio. Ni njia ya polepole, haihitaji damu kutoka mwilini, wala haitaki yale mamia ya lita. Kwa nchi kavu yenye vijiji vilivyotawanyika ningeitarajia ienee zaidi ya ilivyoenea, ila mifuko ya maji yake ni ghali na huagizwa nje. Na iko njia iliyo kamili kuliko zote, ya kupandikiza figo ya ndugu, ambayo ilifanyika katika hospitali ya Muhimbili Novemba 2017 pamoja na matabibu wa India, na Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Machi 2018 pamoja na Wajapani wa shirika la Tokushukai. Lakini ndugu anayefaa si kila mtu anaye, na hata aliye naye hungoja kwenye mashine.

Kungoja huko hulipiwa. Gharama ya kipindi kimoja huhesabiwa kwa malaki, na jamaa iliyouza ng'ombe wawili mwezi uliopita huuza wa tatu mwezi huu. Bunge, ambalo hukutana mji huo huo wa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka wa 2023, na mgonjwa wa figo ataipima sheria hiyo kwa idadi ya vipindi atakavyopewa kwa juma na urefu wake. Bima inayolipa kipindi bila kuangalia saa zake humfundisha mwenye kituo kufupisha. Ingelipa kwa saa, nadhani tungeona mengi yakibadilika pasipo hotuba.

Nyakati za alfajiri, kabla ya taa za ukumbi kuwashwa zote, mtu mmoja huingia katika kile chumba chenye kelele akiwa na chupa ndogo. Hukinga maji baada ya tangi la mkaa, akatumbukiza kijikaratasi na kutazama kama kuna rangi ya klorini. Hukinga mengine baada ya tangi la kulainishia, akadondosha dawa, na maji yakigeuka mekundu anajua ugumu umepita na hakuna mashine itakayowashwa, yakigeuka samawati anaandika saa na kutia sahihi daftarini. Leo yamegeuka samawati. Nje, mzee aliyeondoka kwao saa tisa ya usiku ameegemea ukuta na koti limefungwa hadi shingoni, naye muuguzi anamfungulia mlango.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Maji mazuri leo?”

“Mazuri. Vua viatu, upande mizani.”